Mwendo wa Katikati

Amisi mwanangu,

Mama yako yuko jikoni anakukaangia ndagala, vile visamaki vya njiani, na kila mara anapaza sauti kuuliza kama nimekuandikia habari za chandarua. Sijaandika. Mambo ya chandarua, soksi, maji ya kuchemsha na marafiki wa kuwakwepa nimemwachia yeye, maana ameshakuambia yote tangu juzi, na kesho atakuambia tena mpaka gari litakapokuchukua. Mimi nina habari moja tu, nayo ni ya ile boti.

Najua nimekuudhi. Tangu uitwe kazini sijakupa neno jema hata moja. Uliposema wamekupanga kwenye boti ya doria, tena kwenye usukani, niliinuka nikaenda kukaa nje, na wewe ukamwambia mama yako kwamba mzee ana wivu. Sikuwa na wivu. Ukafikiri pia kwamba naogopa utakufa. Hilo naliogopa, sitakudanganya, ila nimewaogopea watu wangu kifo tangu vita hivi vianze mpaka woga wenyewe umechoka, sasa unakaa nami nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Siku ile nilitoka kwa sababu nyingine. Na kwa kuwa mimi na wewe tukikaa uso kwa uso hatumalizi kikombe cha chai bila kugombana, nimeona niiandike, uisome ukiwa mbali ambako huwezi kunikatiza.

Unajua nilifanya kazi kwenye boti hiyo hiyo. Wameipaka rangi mpya, lakini ni ile ile, nimeiona ikipita. Zamani zile jina kama letu, jina la watu waliovuka kutoka Kongo, halikupita mlango wa kambi. Mimi nilipita kwa sababu ya injini. Nilikuwa nikitengeneza injini za meli za mizigo hapa bandarini Rumonge, na siku moja askari walikuja na boti inayotoa moshi mweusi, hawajui inaumwa nini. Niliwaambia maji ya kupoza hayapiti, kuna majani yameziba mdomo wa bomba. Tukayatoa, moshi ukaisha, na wao wakaniambia nipande. Sikuulizwa kama nataka. Nilikuwa raia, bila cheo, bila kofia, nikikaa chini kwenye joto la injini, na pengine nikiitwa juu kushika usukani kwa sababu mawe ya ufukwe huu wote nayajua.

Nikuambie jambo la aibu kidogo: niliipenda boti ile. Fundi akikutana na kitu kilichochorwa na mtu mwenye akili, moyo wake unalainika hata kama kitu chenyewe ni cha kuua. Ilitengenezwa kwa ajili ya pwani ya bahari, kukimbiza watu karibu na nchi kavu. Mwili wake ni wa alumini, mwembamba kuliko unavyodhani. Ukiugonga kwa kidole unalia kama sufuria. Huku ufukweni watu wanaamini ni chuma kinachozuia risasi. Hakizuii kitu. Kinga ya boti ile ni mbio zake peke yake. Ina injini mbili kubwa za mafuta ya mazutu tumboni, pua kali ya kupasua maji, na nyuma pana iliyo bapa, ili ikishika kasi inyanyuke na kuteleza juu ya maji badala ya kuyalima. Inazama kidogo tu, ndiyo maana inasogea hadi karibu na mchanga, mahali meli za mizigo haziwezi kufika. Mbele kuna bunduki kubwa, nyuma kuna ndogo, na juu inazunguka rada.

Lakini kila walichoipa walikitoa mahali pengine. Wameipa mbio, wakainyima tumbo la mafuta: ukiikimbiza kasi yote kutoka Bujumbura mpaka Nyanza-Lac, kurudi ni kwa maombi. Wameipa wepesi, na kwa huo wepesi inarukaruka, kiasi kwamba bunduki ya mbele ikipigwa wakati inakimbia, risasi zinakwenda zinakotaka zenyewe. Rada yake inaona chuma vizuri sana, lakini mtumbwi wa mbao uliolowa inauona kama uchafu kwenye kioo. Na hapa kwetu ilikuwa ugenini. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, hayabebi kama ya bahari, kwa hiyo ilikaa chini zaidi kidogo, na hewa ya huku juu ni nyepesi, injini zilikuwa zikihema kama mtu mnene kwenye mlima.

Kisha sisi wenyewe tukaiharibu zaidi. Askari walipogundua kwamba ngozi ya boti ni sufuria, waliogopa, nani asingeogopa? Wakaleta mifuko ya mchanga wakaipanga kuzunguka bunduki zote mbili. Mimi ndiye niliyeulizwa kama boti itabeba. Nikasema itabeba. Ilibeba kweli, haikuzama. Nilijibu swali nililoulizwa, sikujibu ambalo lilipaswa kuulizwa, yaani mzigo ule utaifanya nini inapokimbia. Hilo ni moja katika makosa yangu mengi ya namna hiyo, na utayafanya na wewe, maana kazini watu huuliza maswali mafupi.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penye habari yangu.

Boti ile ina mienendo mitatu. Ikienda taratibu sana, inakaa ndani ya maji kama mtumbwi mwingine wowote, na mawimbi yake hayamwamshi bata. Ikienda kasi yote, inakuwa juu, inagusa maji kwa nyuma tu, na mawimbi inayoacha ni makali lakini ni madogo. Hatari iko katikati. Katika mwendo wa katikati inakuwa haijanyanyuka wala haijatulia. Nyuma inachimba, pua inapanda juu mpaka mshika usukani haoni kilicho mbele yake, na maji inayoyasukuma yanakuja nyuma yake kama ukuta. Kwa mifuko ile ya mchanga, katikati pale ndipo ilipokaa muda mrefu zaidi, ikipanda kwa shida na kushuka kwa shida. Mimi niliyekuwa chini nikiisikiliza nilidhani ni injini tu zinachoka.

Unajua jinsi tulivyolelewa kwenye ufukwe huu. Mtu akipita mahali wenzake wanafanya kazi majini anapunguza mwendo, anasema amahoro, anajibiwa, ndipo anaendelea. Anayepita mbio kando ya nyavu za watu ni mshenzi hata awe tajiri. Na tumefundishwa kwamba mwenda pole hajikwai. Boti ile haikulelewa nasi.

Wakati ule wavuvi walikuwa wamerudishiwa ruhusa ya kuvua karibu na nchi kavu, kwa sharti kwamba karabai zao ziwake muda wote. Adui alikuwa akivuka kutoka upande wa pili wa ziwa bila taa, basi askari wakaambiwa kwa kifupi: mwenye taa ni mvuvi, anayezima taa ana lake. Ilikuwa ni sheria rahisi, na mimi pia niliiona nzuri.

Tulifika Magara jua limeshazama. Mitumbwi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka, imefungwa miwili miwili kwa miti, watu wanapampu karabai na kuzitundika. Komanda wetu alikuwa kijana wa milimani, mpole, asiyejua kuogelea, aliyekuwa akishika ukingo wa boti kwa mikono miwili kila mara akifikiri hatumwoni. Mimi nilikuwa kwenye usukani.

"Mekanisiye," akaniuliza, maana ndivyo walivyomwita fundi wa injini, "pale mbele iko nini?"

"Iko wavuvi, komanda. Wanawasha taa. Tupunguze, tuwape amahoro."

"Sawa. Punguza basi."

Nikapunguza. Nilikuwa karibu nao sana tayari, na nilipunguza kama mtu mwenye adabu anavyopunguza, kidogo kidogo. Boti ikakaa chini kwa nyuma, pua ikapanda, sikuwaona tena. Nilikuwa nimeshainua mkono kuwasalimia. Ukuta wa maji ukatuacha ukawaendea wao.

Kioo cha karabai iliyowaka kikiguswa na maji baridi hupasuka, hilo mtoto wa Magara analijua kabla ya kujua kusoma. Taa zote za mitumbwi ile ya karibu zilizimika kwa pamoja. Sisi hatukusikia vioo vikipasuka kwa sababu ya injini. Tuliona giza tu pale palipokuwa na mwanga.

"Wamezima!" kijana wa bunduki akapiga kelele. "Wamezima taa!"

Akapiga risasi. Sikumlaumu wakati ule, na leo bado siwezi kumlaumu sana. Alifanya alichoambiwa. Baada ya hapo tukasikia mtu akipiga kelele kutoka majini, "Sisi ni wavuvi! Sisi ni wavuvi! Mawimbi yenu ndiyo imezimisha taa!" Sauti nikaijua. Alikuwa Baba Zuena, yule anayeshona nyavu pale Magara, ambaye wewe unamwita mjomba. Yeye alitoka salama. Mdogo wake aliyekuwa naye, Mathayo, tulimtoa majini akiwa ameshakufa.

Habari hii umewahi kuisikia vipande vipande, najua. Umesikia Mathayo aliuawa na boti. Hujawahi kusikia kwamba baba yako ndiye aliyekuwa ameshika usukani, tena kwa adabu.

Nilikwenda msibani. Mama yako alinikataza, akasema watanipiga, nami nikaona wakinipiga itakuwa nafuu. Hawakunipiga. Walinipisha kwenye mkeka nikakaa. Baadaye Baba Zuena akaja kukaa karibu nami.

"Baba Amisi, weye ulikuwa ndani ya ile boti?"

"Nilikuwa ndani."

"Nani alisema mupunguze?"

"Ni miye."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kuwaheshimu."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyemaliza kulia na hana kingine mwilini. "Basi siku ingine," akasema, "utupite bila heshima."

Sikumwelewa. Nilidhani ni uchungu unaosema. Niliacha kazi ile, au tuseme sikurudi na hawakunitafuta, na muda mfupi baadaye milio ya risasi milimani ikatuhamishia Gitaza kwa kaka wa mama yako, tukawa tunaanika ndagala. Unakumbuka Gitaza: ulikuwa unafukuza kuku na kula ulichokuwa unakilinda. Pale ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimekaa ufukweni bila kazi, boti ikapita mbali kwa kasi yote, na mawimbi yake yalipofika kwenye mchanga yalikuwa madogo, yakalowesha miguu basi. Siku nyingine ikapita, ikapunguza mbele yetu ili iwatazame watu, na maji yaliyokuja yalizibeba ndagala zote za mama yako zilizokuwa zimeanikwa chini. Alilia kwa hasira. Mimi nilibaki nimesimama na maji magotini, nikaona kila kitu: usukani, mkono niliouinua, giza. Mtu aliye ndani ya boti ile hayaoni mawimbi yake mwenyewe. Nilifanya kazi ndani yake muda wote ule nikijisifu kwamba naijua, na kitu kikubwa inachowafanyia watu nilikuja kukijua nikiwa nimesimama nje.

Nikaenda kambini kumweleza komanda. Nikaambiwa amehamishwa. Aliyekaa mahali pake alinisikiliza amesimama, akasema, "Muzee, murakoze, asante, lakini raia hafundishi jeshi." Nikasema ndiyo, nikarudi nyumbani. Hapo, Amisi, ndipo ninapojichukia kuliko pale Magara. Magara nilikuwa sijui. Kambini nilikuwa najua, nikakubali kufukuzwa na mtu mmoja kwa sentensi moja. Ningeweza kurudi. Ningeweza kumtafuta kijana wa usukani nikamwambia pembeni, fundi kwa fundi. Nilichoka. Vita vinachosha namna hiyo, vinakufanya uone kila jambo jema ni safari ndefu, ukakaa.

Basi sasa kijana wa usukani ni wewe, na nakwambia pembeni.

Ukiona taa za wavuvi, punguza mapema, ungali mbali, kabla hujawaona watu. Vuta mkono wa mafuta mara moja, usisitesite, boti ikae yote ndani ya maji, itulie, ndipo uwasogelee taratibu kabisa kama mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Usipoweza hivyo, wapite mbali na uwapite kasi. Watakutukana, na matusi hayazimi taa. Ila usipite kati yao kwa mwendo wa katikati, hata ukiambiwa, hata ukiona ndiyo upole. Na ile mifuko ya mchanga kama bado iko, tafuta namna ya kuipunguza ya nyuma. Sema injini zinaumia. Ni kweli zinaumia.

Utasema wewe huna cheo, amri si zako. Mimi pia sikuwa na cheo. Komanda wangu alisema "punguza" kwa sababu mimi nilisema "tupunguze." Mtu asiyejua kuogelea akiwa juu ya maji anamsikiliza aliyeshika usukani kuliko unavyofikiri. Na taa zikizimika mbele yako, wa kwanza kusema uwe wewe, useme kwa sauti kubwa kuliko injini, useme ni mawimbi yetu. Huyo wa bunduki atakuwa kijana kama wewe, ana woga kama wako, na anachosubiri ni mtu yeyote amwambie alichokiona ni nini. Usimwachie giza alitafsiri peke yake.

Sikuambii uache kazi. Niliwahi kutaka kukuambia, na mama yako akaniuliza ukiacha utafanya nini hapa, nikaliacha neno hilo. Watakuvalisha vizuri, utapendeza, kichwa chako kikubwa kitapata kofia ya kukifaa hatimaye. Sifurahi, lakini najivunia, na vitu hivi viwili vinakaa pamoja tumboni mwangu bila kusalimiana.

Limebaki jambo moja ambalo niliombwa nisikuambie.

Mdogo wako Elia haendi Magara kumnunulia mama yako samaki, kama anavyosema. Ameingia kwenye kundi la wavuvi, anakwenda nao majini kila jioni. Alinikataza nisikuambie kwa sababu anakujua: ungemkataza yeye, au ungekataa kwenda wewe, na alisema nyumba hii haiwezi kupoteza kazi mbili kwa ugomvi mmoja. Mama yako anajua. Tumelijadili mpaka maneno yakatuishia. Kuanzia kesho nitakuwa na watoto wawili juu ya maji yale yale, mmoja chini ya taa na mwingine nyuma ya bunduki, na sina injini ya kutengeneza wala usukani wa kushika. Nina kalamu hii tu.

Nilimwomba afunge kitambaa chekundu kwenye taa yake ili nikuandikie ukijue. Akanicheka. "Baba," akasema, "nikifunga miye, wakisikia ni juu ya nini, kesho Magara yote itafunga." Nikamwuliza basi anakaa mtumbwi gani. Naye hajui. Kwa kuwa ni mgeni wanamhamisha kila siku, leo kwa huyu, kesho kwa yule, pale penye upungufu wa mtu.

Kwa hiyo siwezi kukuambia taa ya Elia ni ipi. Utaziona nyingi, Amisi, kutoka Magara kushuka mpaka huku kwetu, na zote zinafanana. Kila utakayoiona, ni yake.

Baba yako